Sare ya Harusi Isiyotuhusu

Ijumaa, magharibi inakaribia. Joto la Juni halijapungua, kiyoyozi kinanguruma, na mimi situlii. Nimekaa, nimesimama, nimepika chai na kuisahau jikoni.

Wiki tatu nzima Maskati yangu haikuwa na habari nyingine: mwana wa mfalme mmoja wa Ulaya anaoa. Ofisini kwetu Wattaya, tunakouza magari, wenzangu Wakenya wametundika picha ya bibi harusi juu ya mashine ya fotokopi. Niliwauliza, nyinyi si mna rais? Wakacheka, wakasema rais hana gari la farasi.

Mimi ni mtu wa jamhuri. Neno hili naliandika hapa kwa sababu nyumbani halisemeki. Sioni kwa nini mtu apigiwe vigelegele kwa ajili ya tumbo alilotoka. Bibi harusi simchukii, maskini. Kuolewa huku dunia nzima inakukagua viatu si jambo dogo. Wanaoniudhi ni sisi, watu wazima na akili zetu, tunaolilia harusi ya watu wasiojua kama tupo.

Basi Khalati Zuwena, dada mkubwa wa mama yangu, akapita kiasi. Alikwenda madukani Hamriya akanunua kanga za sare, doti moja kwa kila mwanamke wa ukoo, tuzivae tukitazama harusi kwenye televisheni. Kwetu sare ni ya harusi ya mtu wako. Ukipewa usiivae, umetangaza kuwa umejitoa.

Sikuivaa.

Leo mchana nilikwenda kwake na gauni langu la kijivu, na njia nzima nilijiona shujaa.

Sebuleni wote wamefanana, udi unafuka, sinia la halua liko katikati. Bibi harusi aliposhuka garini wakapiga vigelegele. Mama aliniminya goti ninyamaze, maana ananijua. Sikunyamaza. Nilisema kwa sauti kwamba watu wengi wamewaondoa wafalme wao, na dunia haikusimama.

Nilisema hayo mbele ya wanawake waliokimbia Unguja sultani alipopinduliwa.

Khalati alipunguza sauti ya televisheni, akalitazama gauni langu kabla ya kunitazama usoni.

"Yangu ilisimama, mwanangu," akasema. "Nlikuwa niolewe mwezi ule ule wa mapinduzi. Sare nshazigawa, nyumba kwa nyumba. Wengine mpaka leo sijawaona. Mie nkigawa sare, nnataka kuona nani kaja."

Kisha akaongeza sauti, wakaendelea kutazama watu wakivishana pete.

Nilijua kwamba aliolewa hapa Maskati miaka mingi baadaye, bila ngoma wala kesha. Sababu sikuwahi kuiuliza. Habari za mapinduzi ya nchi za watu nimezisoma hadi naweza kuzifundisha, na hili la ndani ya ukoo wangu limenipita miaka yote hii. Naona haya.

Nilipoaga hakunipa mkono niubusu. Siku zote hunipa.

Nimerudi nyumbani na hoja yangu, nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Bado siamini wafalme, na wiki ijayo sitawaamini pia. Lakini hoja ile niliinoa kwa ajili ya mfalme, na aliyekatwa nayo ni khalati yangu. Mfalme mwenyewe sasa hivi anakula keki.

Kesho kazini watanisubiri. Asubuhi nitakwenda kwanza kwa Khalati, kabla hajaanza kupika. Fikra yangu sitaiombea radhi, gauni nitaliombea. Akinifungulia, nitamwomba anitajie wale ambao hawakuonekana tena, mmoja mmoja, kwa majina yao na ya baba zao.

Asiponifungulia, nitakaa ngazini mpaka afungue.