Kidonda cha Tumbo

Iida, 4 Oktoba 1999

Mwanangu Fumie,

Hujambo? Mumeo na wakwe zako huko Nagoya wazima? Mimi nasukuma siku. Macho bado ya njano na nimezidi kukonda. Daktari kanipima wiki nzima, kisha akakuita wewe, si mimi. Kasema nini? Mimi nikimwuliza, huuliza habari za matufaha yangu, kisha huyoo, katoka. Basi mwambie wewe: matezi yamevimba chini ya taya, na mdomo umekauka hata plamu ya chumvi hainitoi mate.

Baba yako

Nagoya, 9 Oktoba

Shikamoo Baba,

Sisi wazima, shaka ni kwako tu. Usijitie hofu. Ni kidonda cha tumbo, kikubwa kidogo. Watakikata mwezi huu. Hayo matezi ni uzee, tusimchoshe daktari. Novemba tutavuna pamoja.

Binti yako

Nagoya, 12 Desemba

Shikamoo Baba,

Mshono unaendeleaje? Sindano za sukari walizokuanzishia baada ya kukukata umezizoea?

Baba, nilikudanganya. Daktari aliniambia ni saratani ya kongosho, nami nikamsihi usiambiwe, kama watu wote huku kwetu wanavyofanya. Ulipotaja matezi nilidhani imesambaa. Niliogopa wakikushika shingo utajua.

Jana ameniita tena. Nyama waliyoikata haina saratani. Kinga ya mwili wako ndiyo iliyolishambulia kongosho likavimba. Ugonjwa wa nadra, na kwenye picha unafanana na saratani kama pacha. Vidonge vingetosha. Akaniuliza, "Mzee hakuwahi kulalamika matezi, au mdomo mkavu? Ningejua hilo, nisingekimbilia kisu."

Barua yako ilikuwa mkobani mwangu. Nikajibu, "Hakuwahi."

Nisamehe Baba. Angalau utaishi.

Binti yako

Iida, 20 Desemba

Fumie,

Leo sina salamu.

"Kidonda cha tumbo" ndivyo nilivyomwambia mama yako, naye ana saratani, mpaka anakata roho. Ulikuwepo, ulinisikia. Kwa hiyo niliposoma barua yako ya Oktoba nilijua nakufa. Shamba lisilo mwenyewe huwapelekea majirani wadudu, na wewe uko mbali. Kabla sijalazwa nilichukua msumeno nikaikata miti yote sitini, matufaha yakiwa bado juu. Sikukwambia, ili unidanganye kwa amani.

Sasa naambiwa nitaishi. Nina hasira nawe, mwanangu, na zaidi na mimi niliyekufundisha.

Kesho naenda mimi mwenyewe kumwonyesha daktari matezi. Mwaka mpya njoo. Ila usiniletee matufaha ya dukani.

Baba yako