Ngoma Iliyoingia Kalasi ya Tatu

Kasongo, Alhamisi. Mvua imekatika tangu saa sita, hasira yangu bado.

Niseme wazi: sijutii. Labda kidogo. Hapana, sijutii.

Mimi ni mwalimu wa muziki kwenye masomo makubwa, shule ya mapadri. Sifundishi kuimba, nafundisha vijana kusikiliza. Padri Direkta, mkuu wa shule, amenipa gramofoni na disiki za Ulaya. Nazungusha mkono wa gramofoni, vijana wanasikiliza, halafu nauliza: muziki huu umekufanya nini? Wiki tatu jibu ni lile lile. "Ni muzuri, mwalimu." Muzuri! Mbele ya Padri hata dawa ya minyoo wanasema ni muzuri.

Nazipenda disiki zile, kweli kabisa. Kuna moja ya kinanda ambayo hunitoa machozi. Lakini sitakubali kwamba muziki ulifika Kongo ndani ya masanduku ya wazungu.

Basi leo nikaingiza ngoma. Si ya ngozi. Ni ile ya gogo zima lililochimbwa ndani, yenye mdomo mrefu juu, ambayo vijiji hupashana nayo habari. Nilitoka nayo kwetu Kabambare. Nikamwita Kalisti, mtoto wa mpiga ngoma, nikamwambia apige kitu chochote, wenzake wasikie sauti ya juu na sauti ya chini.

Kosa langu ni hilo. Kitu chochote! Ngoma ile haina kitu chochote, ina maneno. Kalisti ana adabu, akapiga maneno pekee ambayo baba yake amemruhusu: mukuje, mukuje wote, asibaki mutu. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kama mjinga, nafuata juu na chini.

Wakakuja.

Wakatoka mashamba ya pamba ya Leta, serikali ya wazungu, wakikimbia, wanaume na majembe yao, wamama na watoto mgongoni, wakajaa madirishani. Kalasi nzima ilikuwa imesimama. Hakuna aliyesema muzuri.

"Mwalimu, nani amekufa?" mama mmoja akauliza, anahema.

"Hakuna, mama. Tunasoma."

"Munasoma na ngoma ya kuita watu?" Akaniangalia weee, kisha akaketi kwenye majani. "Haya, tumefika. Mutufundishe."

Nikawafundisha! Sijawahi kufundisha vile tangu nishike chaki.

Padri akatukuta hapo, uso mwekundu. Pamba imeachwa, Bwana wa Leta atasikia. Amenipa mpaka kesho kabla ya misa: niandike kwa mkono wangu kwamba ngoma ile ni makelele, si muziki, na kwamba haitaingia tena. La sivyo nitoke kazini na nyumba ya misioni niiache.

Yustina, mke wangu, ameuliza swali moja tu. "Baba Petro, watoto watakula ngoma?"

Naogopa, kwa nini nijifiche? Watoto ni wanne, na nyumba hii ina mabati.

Lakini nikiandika neno lile, nitakuwa nimemwambia Kalisti kwamba baba yake, maisha yake yote, anapiga makelele. Na yule mama aliyekimbia na mtoto mgongoni, alikimbilia nini? Makelele?

Siandiki.

Nimeandika barua nyingine, fupi. "Padri Direkta, leo wanafunzi wamesikiliza vizuri. Wote wamefaulu, hata wale waliotoka shambani."

Yustina ameisoma mara mbili. Nilidhani ataichana. Amenirudishia, akaanza kufunga masufuria kwa kamba.

"Andika jina yako yote," amesema. "Wasikuje kusema ni mutu mwingine."

Nimeliandika lote.