Chui Bado Hana Madoa

Rongai, Nakuru

Mama Yona,

Ule udongo uliotuma ni wa kuziba shimo la panya, si wa kuchora. Una mchanga. Tena umeuchimba hapo nyuma ya jiko lako, usinidanganye, nimekuta ganda la ndizi ndani. Nyati wangu amepasuka kutoka shingoni mpaka mkiani kama mkate wa juzi. Shemeji aliyeleta mzigo anasema ulimwambia, "Mpe Mama Elam, udongo ni udongo." Ndivyo ulivyosema? Wewe ambaye tumekandika ukuta mmoja tangu siku mzee wetu alipokuleta, mke wa pili, msichana wa kulia ovyo?

Haya. Hujambo lakini? Magoti yanaendeleaje? Yule mbuzi mwekundu amezaa? Sisi huku wazima, ila baridi ya asubuhi inauma masikio. Mwanangu Elam bado anaendesha trekta ya wazungu. Mtoto wake ameota meno na ananiuma kidole. Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi zile tulizofundishwa kanisani, kwa hiyo ukiona mstari unapanda mlima usicheke. Wewe ukiandika jina lako ni kama kuku amepita.

Sasa sikiliza, maana sina raha. Nakaa, nasimama, chai inapoa mbele yangu.

Nilipokuja huku kulea mtoto niliona aibu. Ukuta wa nyumba ya Elam ulikuwa mtupu kama wa ghala. Nikaukandika, nikachora kanga na kenge. Memsabu, mke wa mwenye shamba, akapita na farasi wake, akasimama, akaenda, akarudi na karatasi nyeupe. Nikamwambia mnyama wangu hasimami juu ya karatasi. Basi Elam akapigilia magunia ya ngano kwenye fremu za mbao, nami nikayapaka samadi na udongo kama ukuta, nikachora. Memsabu akapenda, akataka wengi. Sasa amepata ukumbi Nakuru mjini, karibu na stesheni, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao wazungu watakuja kunywa chai na kutazama wanyama wangu. Wangu peke yangu. Anasema hayo ni maonyesho ya mtu mmoja.

Alitaka pia nichore wale ndege wekundu wa ziwani. Alinipeleka nikawaona. Wanasimama tu ndani ya maji. Kitu cha kusimama tu nitakichora cha nini?

Kanga yuko tayari, kenge yuko, chatu yuko, nyati nitamziba. Chui ndiye ameniweka roho juu. Mwili nimemaliza, unanijua mimi na migongo. Lakini madoa ni yako. Mimi mwili, wewe madoa, ndivyo tulivyofanya kila mwaka baada ya mvua, wewe ukichovya vidole kwenye masizi na kunitukana kwamba nimempa chui tumbo la mchungaji.

Sisemi siwezi. Nasema vidole vyangu ni vinene. Nilijaribu, yakatoka kama ndui. Nikayafuta, nikakandika upya. Mpishi wa memsabu akapita akauliza, "Mama, huyu mbwa ni wa nani?"

"Ni chui."

"Chui? Nani amemnyoa?"

Elam alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo alijipikia mwenyewe.

Memsabu naye akaja. "Mama, chui nakwisha?"

"Bado."

"Doti yake, ile doa, iko wapi?"

"Iko nyumbani, kwa mke mwenzangu."

Akacheka. Kisha akasema ana rafiki, memsabu mwingine anayechora maua, ataleta brashi na rangi ya duka amtie chui madoa. "Hii kazi kidogo tu, mama."

Kazi kidogo! Wewe uliyekuwa unakula ugali una masizi ya vidole vyako! Nikasimama mbele ya chui, mikono kiunoni. Nikamwambia brashi ikimgusa, nambeba mgongoni narudi naye nyumbani kwa gari la moshi. Na pale mlangoni aandike majina mawili, au afunge ukumbi wake. Akasema, "Lakini mama, hii ni ya mtu moja." Nikamjibu kwamba ukuta pia ulikuwa mmoja. Aliondoka bila kuaga. Baadaye akamtuma mpishi: atangoja mpaka Alhamisi ya wiki ile ya maonyesho. Alhamisi ikipita, yule wa maua anaingia na brashi yake. Tangu hapo kila nikisikia farasi natoka mbio nje, mikono ina unga.

Fikiri. Chui wetu ananing'inia mbele ya watu, mgongo umejaa maua, na jina langu chini. Utalala?

Najua umenikasirikia kwa kukuachia nyumba mbili na mbuzi. Kasirika. Lakini njoo ukasirikie hapa, nikusikie. Wanyama wangu wamenyamaza mno tangu nichore bila mtu wa kunitukana.

Nisalimie Yona, mwambie aezeke paa kwanza ndipo atafute mke. Msalimie binti yetu aliyeolewa ng'ambo ya mto, na yule mama jirani anayeazima jembe, mwambie nimelikumbuka.

Ukimaliza kusoma, teremka mtoni, pale chini tunapochota maji, uchimbe udongo ule mweupe wa kunata. Magoti yako yanauma, hata yangu. Mwachie Yona mbuzi. Chukua karatasi ya safari kwa chifu, maana siku hizi askari wanauliza kila mahali. Panda gari la moshi pale stesheni yetu ya Luanda, ushuke Nakuru kabla ya Alhamisi. Elam atakungoja na lori la shamba.

Ni mimi, mkubwa wako,
Mama Elam

Na ukate kucha. Mwaka ule ulimkwaruza chui jicho.