Hidrojeni Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi ya mawingu, upepo kidogo. Nimewahi maabara, nikawasha kompyuta kabla ya wenzangu. Kazi ni ile ile: molekuli inakuja ikiwa mchoro bapa, sisi tunaipa umbo la pande tatu, ili wanaotafuta dawa wapime kama itaingia kwenye protini wanayoiwinda. Nimemaliza tisa. Wifi amemaliza arobaini.

Arobaini! Na ni mimi niliyemwombea nafasi hapa, baada ya mume wangu kunisumbua kwamba mdogo wake anakaa bure nyumbani kwetu.

Mkuu wa maabara alisimama nyuma ya kiti cha wifi, akasema binti huyu ana mkono mwepesi. Kisha akanigeukia: "Na wewe mama, bado unazibembeleza?" Wakacheka. Nami nikacheka, cheko la meno tu.

Jumatano, 5 Machi
Jua kali tangu asubuhi. Mkuu anatafuta msimamizi wa meza yetu. Atakayetoa seti safi ya molekuli ndiye. Nafasi hiyo nimeingoja tangu mwanangu wa mwisho ananyonya, na sasa yuko shule.

Usiku mume wangu alimsifu dada yake mpaka chakula kikapoa. Nikasema chumvi imezidi. Haikuzidi.

Alhamisi, 6 Machi
Mawingu tena. Wifi alipotoka, nilifungua faili zake. Nilikuwa natafuta kosa, nisijidanganye. Ya kwanza safi. Ya tano safi — roho ikaniuma. Ya saba nikaikuza, nikaizungusha. Hidrojeni mbili zimebanana kama watu wawili kwenye kigoda kimoja, na pete nzima ya atomu imepinda.

Nikajua. Anatengeneza umbo kwanza, hidrojeni anazibandika mwishoni. Ndiyo maana anawahi. Nilimwambia siku ya kwanza: hidrojeni kwanza, zisipokuwepo programu inadhani nafasi iko wazi. Kwa jicho la haraka huoni kitu. Mkuu hataona. Wataona watu wa hesabu, wale wanaopima kama molekuli inaingia kwenye protini, wakishapoteza wiki nzima.

Wifi alirudi na mkate, akanimegea nusu.

"Wifi, hebu nipitishie macho. Usiniache niumbuke, mwenzio."

Nikasema nimeshazipitia, ziko sawa.

Mkate nimeula.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua asubuhi, viatu vimelowa. Mkuu amesifu seti ya wifi mbele ya wote. Jumatatu inakwenda kwa watu wa hesabu, na usimamizi atautangaza siku hiyo hiyo. Akauliza nani amekagua.

Wifi hakusita. "Wifi yangu. Bila yeye ningekuwa bado natafuta kitufe cha kuwashia."

Mkuu akaandika jina langu chini ya la wifi.

Sasa ni usiku, wifi yuko chumba cha pili, namsikia akiimba. Nimemwandikia kwenye simu: *ya saba irudie, hidrojeni kwanza, na nyingine zote.* Nikafuta. Nikimwambia, ana siku mbili za kurekebisha, na kiti ni chake. Nisipomwambia, tunazama wote, mimi na jina langu. Nimeandika tena. Ujumbe uko hapo kwenye skrini, haujaenda.

Amegonga ukuta. "Wifi, zima taa, utaharibu macho. Nani atanikagulia?"

Saa saba na robo usiku. Nalala, simu chini ya mto.