Kamba ya Kuanikia Nguo

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na watoto. Natumai hamjambo nyote na kile kikohozi cha mdogo kimepona. Sisi huku tunaendelea. Mkono wa kushoto wa baba bado mzito tangu alipopooza, ila mdomo wake umepona kupita kiasi: anamkosoa daktari, anakosoa uji, na mimi ndiyo usiseme. Cherehani yangu haikosi kazi. Siku hizi nashona mapazia ya hoteli, marefu mpaka yanajaa sebule nzima.

Unazijua Jumapili zetu. Nilikuwa namshika baba mkono, tunashuka ngazi za klabu taratibu, namkalisha ndani ya Ajuza karibu na usukani. Mashua ikishika upepo tu, ugonjwa wote anausahau. Ananiamuru nikaze tanga, nilegeze, kisha anazisema vibaya mashua za plastiki zinazotupita. Daktari mwenyewe alikiri kwamba siku hiyo moja inamfaa kuliko vidonge vya wiki nzima.

Sasa ada ya klabu imepanda tena. Mwaka juzi walisema ni ukarabati wa gati, mwaka jana wakasema ni walinzi, nasi tukajibana. Safari hii imepanda mara tatu, na lile punguzo la familia za waasisi likapendekezwa lifutwe. Yaani baba, aliyeranda mbao za gati lile kwa mikono yake bila kudai hata soda, alipe sawa na aliyejiunga jana. Asipoweza, Ajuza itoke bandani.

Nilimpeleka baba kwenye mkutano, mimi nimejifunga kibwebwe. Nilisema yote niliyokuwa nayo moyoni, na ukumbi ukaniunga mkono, hata yule mfamasia ambaye tangu zamani haniwezi. Ndipo katibu akavaa miwani yake, akasema amepokea barua ya mtoto wa mmoja wa waasisi, anayeishi mbali na ambaye ameomba asitajwe jina. Mwandishi alisema watoto wa waasisi wenyewe wamechoka kubebwa, na kwamba klabu inayotaka kuheshimika haiendeshwi kwa huruma. Akauliza wageni watatuonaje wakikuta mashua ambayo mpaka leo inatweka tanga kwa kamba ya kuanikia nguo.

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Baada ya kicheko hicho mikono ikanyooshwa, na punguzo likafutwa.

Kaka, ile kamba tuliipaka lami siku ileile. Nani angeijua? Asubuhi ya mashindano ya kwanza ya Ajuza kamba yetu ilikatika, ukaruka uani ukaifungua ya mama, na mashuka yake yote yakaanguka kwenye tope. Alitukimbiza na mwiko mpaka akachoka, kisha akakaa chini akacheka. Wewe ndiye uliyetuapisha tusimwambie mtu, usije ukachekwa. Tulioijua siri ile tulikuwa wanne. Mama yuko kaburini, na baba nami tulikuwa tumekaa safu ya pili.

Hata hivyo nilijaribu kukutetea moyoni. Nilijiambia labda uliropoka mahali, mwingine akaokota. Siku ya tatu orodha ikabandikwa ubaoni karibu na choo, na jina lako lilikuwa la kwanza: mwanachama wa heshima, asiyetozwa ada maisha yake yote. Hongera. Umeniumiza, kaka, na sina namna nzuri zaidi ya kulisema hilo.

Nami nina la kuungama. Kamba ilipotajwa, kabla akili haijanijia, nilicheka pamoja nao. Nilicheka kwa sauti, baba akiwa ubavuni kwangu. Nilipogeuka alikuwa akiutazama mkono wake mbovu, na nikajua kwamba amekwisha kukutambua.

Ajuza sasa iko uani kwetu, imeegemezwa ukutani. Jumapili iliyopita baba aliomba akae ndani yake. Nilimkalisha, nikasubiri. Hakuniamuru chochote.

Alinikataza kukuandikia habari hizi. Anadai utakuwa ulikuwa na sababu zako, na anadhani hapa nakuandikia salamu tu. Mimi sijafika huko alikofika yeye, na sijui kama nitafika.

Wasalimie wifi na watoto; wao hawana kosa. Baba naye anakusalimu sana. Nilimuuliza kama ana neno la kuongeza, akasema nikuambie kwamba kamba ya mama yako haijawahi kukatika.

Ni mimi mdogo wako,
uliyekuwa ukiniita Tumbiri.