Aproni Yenye Mifuko

Februari 3

Mke wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko pamoja na baridi yako. Mimi ni mzima, ila shavu la kushoto limevimba kidogo, sababu nitakueleza. Wewe je? Kikohozi kimekwisha? Mikono bado inachanika kwa ile sabuni ya kufulia shuka za hoteli? Paka mafuta, usiwe mbishi.

Najua unaguna: mume wangu ananiandikia barua na simu ipo. Simu wanasikiliza. Tangu yule afisa wa ubalozi aniambie kwamba mahojiano ya visa ya kukufuata huko yamekwenda vizuri na limebaki faili letu kupita kwenye uchunguzi wa usalama tu, nimeanza kuchunga mdomo. Alisema wiki chache. Wiki zikawa miezi, na sasa tumeingia mwaka wa pili. Kila nikienda kuuliza dirishani jibu ni lilelile: bado unachunguzwa, subiri. Sasa mtu akichunguzwa, si lazima awepo anayemchunguza? Juzi alikuja buchani bwana mmoja wa miwani, akauliza nyama inatoka wapi, kazi nimeanza lini, naishi na nani. Nikamkatia nusu kilo ya steki bure. Kumbe ni mwalimu wa hesabu, mgeni mtaani. Tangu siku hiyo haachi kuja, na kila akija ana maswali.

Turudi kwenye shavu. Unamkumbuka Shingo, mwenye bucha linalopakana na langu, yule ambaye kichwa chake kimekaa moja kwa moja juu ya mabega. Jumatatu alisogeza gogo lake la kukatia nyama mpaka mbele ya mlango wangu. Nilipomwambia alirudishe akanizaba kofi mbele ya wateja. Mke wangu, unanijua. Ule mkasa wa kumvunja mtu taya kabla hatujaoana, na jinsi nilivyolala mahabusu, unaujua. Mkono ulinyanyuka wenyewe. Kisha nikakumbuka maneno yako: cheti cha polisi cha tabia njema kinatakiwa kipya kila mwaka, na likiingia kosa lolote, faili linaanza upya au linafungwa kabisa. Nikataka kutia mikono mfukoni. Aproni yangu haina mfuko, nikaitia mikono ndani ya kiuno cha suruali, watu wakacheka.

Wanasema subira huvuta heri. Yangu imemvuta Shingo. Nina hasira mpaka usingizi hauji, na ninachoomba ni kimoja: nikumbushe tena kwa nini sikumpiga.

Wako,
Mumeo

---

Machi 1

Mume wangu,

Barua yako imenikuta salama, kikohozi kimekwisha, mikono ndiyo hiyo hiyo. Pole kwa shavu. Na mwache mwalimu wa watu anunue nyama kama wengine, utafilisika kwa kuwahonga wasiokuchunguza.

Umeniuliza kwa nini. Kwa sababu nakutaka hapa. Nakuhitaji kwenye hiki kitanda chembamba, nikirudi kazini nikute mtu wa kumlalamikia. Sina sababu nyingine ya maana zaidi.

Usidhani ni wewe peke yako unayepigwa. Msimamizi wetu kule chini kwenye chumba cha kufulia, tunamwita Kengele kwa sababu ya sauti yake, anatupiga kwa taulo mbichi alizosokota. Wiki iliyopita dada mmoja aliunguza foronya, akapigwa ya uso mpaka pua ikatoa damu juu ya shuka safi, kisha akaambiwa azifue upya. Hakuna aliyekwenda kusema. Humu kila mtu ana faili lake mahali fulani, mwingine la mume, mwingine la watoto, na Kengele anajua. Nami niliendelea kukunja shuka.

Nakushonea aproni kwa shuka la hoteli lililotupwa, ina mifuko miwili mikubwa. Shingo akikujia, mikono iingie humo na ikae humo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na wewe nyama unayo tele.

Akupendaye,
Mkeo

---

Juni 20

Mke wangu mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo ukiacha jino. Aproni imefika, inanikaa vizuri, mifuko ni mirefu mpaka kwenye viwiko. Soko zima limeniuliza nimeishonesha wapi.

Sasa kila mtu anajua kwa nini sirudishi mkono. Dada yangu alimwambia muuza vitunguu, na ukimwambia muuza vitunguu umetangaza. Shingo alipopata habari ikawa sikukuu kwake. Asubuhi ananirushia kwato. Mchana akipita ananikanyaga vidole vya miguu na buti zake. Wiki iliyopita aliningoja nyuma ya chumba cha baridi tunachohifadhia nyama, akanisukuma ukutani akanikong'ota tumboni mpaka nikatapika chai. Nilipoinama alinipiga goti la mdomo. Jino nililitemea kwenye maranda, likapotea humo. Muda wote mikono ilikuwa mfukoni, nimeshika kitambaa kwa ndani mpaka mshono mmoja ukaachia.

Lakini nimegundua jambo. Usicheke. Huu ndio uchunguzi wenyewe. Shingo ametumwa. Fikiria: miaka yote tulikuwa majirani, tunaazimana visu, mbona ameanza baada ya faili kwenda kuchunguzwa? Na akishanipiga hakimbii, ananitazama usoni kama mwalimu anayesahihisha. Wanataka kujua kama yule wa mkasa wa taya bado yumo ndani yangu. Basi kila nikipigwa nikanyamaza, nahesabu nimepata alama. Nikifikiri hivyo maumivu yanapungua.

Mumeo mwenye pengo

---

Julai 15

Mume wangu,

Nakusalimu kwa moyo mzito. Barua yako niliwasomea wenzangu wa chumbani, ile sehemu ya alama tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikaenda kuoga nikalia humo peke yangu.

Nilipiga simu kule ofisi ya uhamiaji. Nikamuuliza yule mama wa mezani kama wana watu wa kujaribu tabia za waombaji. Hakunielewa. Akasema faili lipo kwenye foleni ya idara nyingine, wao hawajui liko kwenye meza gani wala nani ataligusa. Hakuna anayekutazama, mume wangu. Laiti wangekuwa wanakutazama.

Nilitaka kukuambia nenda polisi. Wakili anayeshughulikia ombi letu akaniambia hata ukienda kama mlalamikaji, ukiwa na ule mkasa wa zamani jina lako litaanza kuulizwa, na huo utakuwa mwaka mwingine. Kwa hiyo naona aibu, lakini nakuomba tena: vumilia. Funga bucha, hamia soko jingine. Na kama kuamini kwamba ametumwa ndiko kunakozuia mikono yako, basi amini. Sitakubishia tena.

Mkeo

---

Oktoba 2

Mume wangu,

U hali gani? Hii ni barua ya tatu bila jibu. Simu yako inaita tu. Dada yako ananiambia uko salama, kisha anakata haraka, na yeye si mtu wa kukata simu haraka. Umehama soko? Umenichoka? Hata ukinitukana, andika.

Mkeo

---

Novemba 11

Mke wangu,

Usishangae mwandiko, ni wa mkono wa kushoto. Naandika mstari mmoja, napumzika. Sikukuchoka. Nilikuwa najifunza kushika kalamu.

Sikuhama. Mtu anahamaje gogo alilolirithi kwa baba yake? Hilo ndilo lililoniponza. Mwezi wa nane Shingo alilichukua akaliweka kwake. Nikamfuata, nikamwomba kwa heshima, mikono mfukoni. Akasema sawa, nimsaidie kwanza kufunga mlango wa chumba cha baridi, umekwama. Nikatoa mkono wa kulia nikashika ukingo wa mlango. Unaujua ule mlango wa chuma, unafungwa na watu wawili. Alijirusha nao, kisha akauegemea kwa mgongo. Mifupa niliisikia kabla ya maumivu. Wapasuaji nyama watatu walikuwepo wakitazama. Alipoachia mkono ulikuwa umelala vibaya, damu imefika kwenye kiwiko, akaniambia, "Haya, sasa weka mfukoni."

Nikauweka, mke wangu. Nikautia kwenye ule mfuko wako mweupe nikatembea mpaka hospitali. Daktari alivyouliza nikasema upepo ulipiga mlango wa chumba cha baridi. Akauliza ndani ya chumba cha baridi upepo unatoka wapi. Vidole viwili wamevikata, kile kidogo na cha pete. Pete nimeifunga kwenye leso, ipo.

Shoka silishiki tena vizuri, bucha nimelifunga. Ila sikumgusa. Shoka lilikuwa karibu, ningelifikia, na sikumgusa. Kama ulikuwa mtihani, nimefaulu. Waambie hivyo watu wa mafaili.

Mumeo

---

Desemba 9

Mume wangu mpenzi,

Sijui nianze na salamu gani. Mimi ni mzima. Soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Barua yako niliipokea asubuhi nikaisoma kwenye ngazi za nyuma za hoteli. Nilipofika kwenye vidole niliirudia. Kengele akanikuta, akauliza nasoma nini saa za kazi, akaninyang'anya karatasi akaitupa kwenye beseni la maji ya dawa. Nikainama kuitoa. Akanichapa taulo mgongoni, na nilivyoendelea kuinama akanishika kisogo akaniburuta mpaka kwenye ile mashine kubwa ya kupigia pasi shuka, akausogeza uso wangu karibu, akasema nitajifunza kufanya kazi. Joto liliniunguza nyusi.

Mkono wake wa kulia alikuwa ameuweka kwenye bamba la mashine, chini ya kifuniko, ili ajishikilie. Nikashusha kifuniko. Halafu nikakiegemea, mume wangu, kwa uzito wangu wote. Alipiga kelele nami sikuwa na haraka. Harufu ilijaa chumba. Wenzangu walinivuta wakiwa wanne, na yule dada wa foronya hakunivuta.

Polisi walinikuta nimekaa kwenye kikapu cha shuka. Nikawajibu kila walichouliza. Wakili amenieleza bila kuzunguka: ombi letu limekwisha. Mke mwenye kesi ya kujeruhi hawezi kumwita mume. Kesi ikiamuliwa wananirudisha nyumbani, na mlango wa huku umefungwa kwangu pia.

Muda wote huu nilikuwa nakuimbia mikono mfukoni, mikono mfukoni. Aliyeitoa ni mimi. Nimejitafuta majuto juu ya Kengele, siyaoni. Juu yako ninayo mpaka yananinyima chakula, kwa sababu ulipoteza vidole kwa ajili ya faili, na faili nimelichoma mimi kwa siku moja. Kama hutaki kuja kunipokea nitaelewa. Niambie mapema tu, nijue naenda kwa nani.

Mkeo, kama bado

---

Januari 17

Mke wangu mpenzi,

Salamu kutoka kwa mgeni wa kituo cha polisi, aliyetoka juzi kwa dhamana. Afya njema. Bega la kushoto linauma, ni la kujitakia.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Nikatafuta hasira juu yako nyumba nzima, sikuiona. Badala yake nilijikuta nacheka, kisha nalia, kisha navaa aproni. Nikaenda sokoni. Shingo alikuwa anakata mbavu juu ya gogo la baba yangu. Akaniona, akauliza kwa kejeli kama leo nimeleta mkono wa pili.

Nikamwambia, "Uchunguzi umekwisha."

Alicheka. Halafu akanitazama usoni vizuri akaacha kucheka. Alinyanyua shoka, lakini nilikuwa nimeshafika. Nilimpiga ngumi ya kushoto ya taya, akaangukia kwenye ndoano za nyama, moja ikamchana sikio. Ya pili ilivunja pua. Ya tatu niliiacha hewani kwa sababu alikuwa anamwita mama yake. Karibu mwaka mzima nimeiota siku hiyo, na nilipoipata nilisikia tu kuchoka. Nikakaa juu ya gogo langu nikangoja polisi. Alipotajwa kuwa mlalamikaji, wale wapasuaji nyama watatu waliotazama mlango wakafungua midomo hatimaye, wakaeleza yote. Sasa kesi ni mbili, yake na yangu. Hakimu atazisikiliza pamoja.

Kwa hiyo mke ana kesi, mume ana kesi. Hakuna ubalozi wa nchi yoyote utakaotutaka, hata tukiomba kwenda matembezi. Angalau tumefanana.

Usiniambie tena habari ya vidole kwenda bure. Mimi nilivitoa ili tuwe pamoja. Njia imepinda, lakini unakuja. Na huyo Kengele wako hakunikosea mimi lolote, ila nilipofika pale ulipokiegemea kifuniko, nilijua ulikuwa umeegemea kwa ajili yangu. Mungu atusamehe wote wawili, akipata nafasi.

Umeuliza unakuja kwa nani. Unakuja kwangu. Nitasimama mbele kabisa pale wanapotokea abiria, nitakupungia huu mkono wa vidole vitatu ili usinipotee. Pete nitakuja nayo, utanivisha kwenye kidole utakachoona kinafaa. Ile aproni nimeifumua mifuko, nikaifua damu ikatoka karibu yote. Kitambaa nimekuwekea, kinatosha foronya mbili. Godoro nimelitoa juani.

Mumeo