Mbunge wa Upande wa Pili wa Barabara

Ijumaa, 7 Oktoba

Hotelini nimesafisha ghorofa ya kumi na tisa peke yangu tena. Mwenzangu wa zamu anaumwa, au anasema anaumwa. Mgeni mmoja kaacha mchanga wa ufukweni kitandani, utadhani alikuwa anapanda viazi. Mgongo umekataa.

Nimefika nyumbani Al Nahda, hapahapa Dubai, nikavua viatu, nikafungua simu. Ombati kaandika: Mheshimiwa ana mpinzani mkali. Basi. Hata habari ya mke hakuna.

Mheshimiwa ni mbunge wa huko Minnesota, Marekani, anakoishi huyu mume wangu. Sijawahi kumwona ila kwa picha. Tai ya buluu, meno mengi. Ofisini kwake kuna dada mmoja mwenye roho safi, ndiye anayetuulizia faili langu la viza limelala wapi. Limelala tangu mwaka tulipooana. Novemba wanapiga kura. Jimbo lao lina maeneo bunge manane, yote yanachagua wabunge siku moja. Mimi nina haja na moja tu. Huyu akianguka, dada naye anafungasha, na sisi tunaanza kujieleza upya kwa watu wasiotujua.

Nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani.

Jumapili, 16 Oktoba

Ombati anapiga kampeni! Ombati, ambaye siku ya posa alijificha nyuma ya mjomba wake. Jana nzima kagonga milango ya watu, karatasi za Mheshimiwa mkononi. Mbwa wamembwekea. Bibi mmoja kamwambia apanguse viatu, akampa kahawa, akamwambia yeye ni wa chama kile kingine. Picha kaleta: kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi.

Nikamuuliza lori la muziki liko wapi. Hakuna. Fulana? Hakuna. Unga? Leso? Anacheka tu. Kwetu Nyamira, Agosti, wagombea walimwaga mpaka viti vya plastiki.

"Kem, huku unagonga, unasema jina lako, unaomba kura, unaondoka."

Ati kampeni.

Amekuwa raia mwezi wa sita. Hii ndiyo kura yake ya kwanza huko. Sauti yake ilikuwa juu, ya kijana. Nimempenda sana jioni hii. Sikumwambia. Nilimwambia avae soksi mbili.

Ijumaa, 21 Oktoba

Namutebi kaingiza Mheshimiwa kwenye maombi ya Ijumaa, ya sisi Wakristo wa nyumba hii. Namutebi ni Mganda, mlinzi wa jengo moja huko Marina. Tunalala chumba kimoja. Akiomba, hata jirani wa chini anatubu. Kaweka simu yangu katikati ya zulia, picha ya Mheshimiwa imejaa kioo, tukanyoosha mikono sebule nzima. Simu ikizima mtu anaigusa, Mheshimiwa anarudi na meno yake. Nilifungua jicho moja nikajiuliza: huyu mtu anajua kweli kwamba tuko duniani?

Zuhura alikuwa jikoni anakaanga samaki. Ni wa Tanga, wa chumba hichohicho chetu, Mwislamu. "Mtamvunja mbavu baba wa watu kwa hiyo mikono," akasema. Baadaye kaniita pembeni. Kaniambia na yeye atamtaja kwenye dua zake.

Nililia kidogo. Nikasingizia moshi wa samaki.

Jumatano, 26 Oktoba

Tumegombana. Nilimuuliza Ombati amekula nini, akanijibu kwa kura za maoni. Nikamwambia nimechoka kuolewa na faili. Simu ikakatika, au alikata. Siku hizi sijui tofauti.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Nina miaka thelathini na sita. Nataka mtoto. Nataka mtu wa kunigombeza kwa kuacha taa inawaka. Nimejiwekea sharti. Mheshimiwa akishinda, nangoja. Akianguka, khalas, basi. Narudi Nyamira kwa mama na hii ndoa naifunga.

Ombati hajui. Hata Namutebi hajui.

Nimeogopa nilivyoliona limeandikwa.

Ijumaa, 4 Novemba

Tunafunga, mimi na Namutebi. Maji tu mpaka jioni, hadi Jumanne. Msimamizi kaniuliza kwani Ramadhani imerudi. Nimemwambia ni uchaguzi. Ameenda zake.

Ombati kaandika: Samahani ya juzi. Nimekula ugali na mayai.

Nimeusoma huo ujumbe mara nyingi kuliko inavyofaa mtu mzima. Sharti liko palepale. Natamani lisingekuwepo.

Jumanne, 8 Novemba

Siku yenyewe. Kwake asubuhi, kwangu jioni. Nilikuwa nakata vitunguu alipopiga. Yuko ndani ya gari, nje ya kanisa wanakopigia kura, sare ya kazi bado mwilini. Katoka moja kwa moja kwenye zamu yake, nyumba ya kutunza wazee. Hata salamu hakunipa. Nikajua kuna jambo.

"Kem, Mheshimiwa hayumo."

Hayumo wapi?

"Kwenye karatasi ya kura. Jina lake halimo."

Kumbe hivi. Mwaka huu walichora upya mipaka ya maeneo bunge. Mpaka mpya umepita katikati ya barabara ya kwao. Upande wa duka la mikate ni wa Mheshimiwa. Upande wa nyumba ya Ombati ni eneo bunge lingine, na wagombea ambao hatujawahi kuwasikia. Huko mtu anaruhusiwa kujiandikisha siku hiyohiyo ya kura. Ndivyo alivyofanya, kwa hiyo hakuna aliyemwambia mapema. Mama mmoja mwenye mvi kamwonyesha kwenye ramani kwa kidole, polepole, kama anayempa mtu pole ya msiba. Mpaka Januari Mheshimiwa bado ni mbunge wetu. Baada ya hapo sisi ni wa yule atakayeshinda upande huu. Na faili pia.

Yaani kazunguka kwenye baridi akimwombea kura mtu ambaye yeye mwenyewe hawezi kumchagua. Na sisi hapa tumefunga, tumenyoosha mikono juu ya simu. Zuhura naye kamtaja kwa Mola wake.

Nikaanza kucheka. Sikutaka. Nilijaribu kukaza mdomo ikashindikana. Kisha nikamsikia na yeye, kile kicheko chake cha kukohoa, sijakisikia tangu sijui lini. Namutebi akatoka chumbani kuuliza nani kafa. Nikamweleza. Akashika kichwa. Akasema Mungu anajua nyumba iko upande gani wa barabara. Tukaanza kucheka upya, sote watatu. Vitunguu vimeungua, tumekula mkate.

Nilimuuliza Ombati sasa kampigia kura nani. Kasema alisimama pale kalamu mkononi mpaka akaona aibu. Akachagua mwanamke mmoja kwa sababu jina lake la kwanza ni la mama yangu.

Jumatano, 9 Novemba

Mheshimiwa kashinda. Tena kwa mbali. Nimeiona habari nikiwa natandika, nikakaa juu ya kitanda cha mgeni, kosa la kufukuzwa kazi. Namutebi katuma ujumbe wa haleluya, halafu akakumbuka, akaufuta.

Upande wetu bado wanahesabu.

Nilisema akishinda nangoja. Kashinda, lakini si wetu. Sasa hiyo ni ngoja au ni rudi? Nilitaka wageni wa huko mbali wapige kura waniamulie. Wamepiga. Hawakuniamulia. Sijisikii vizuri.

Alhamisi, 10 Novemba

Yule mwanamke wa Ombati kaanguka, kwa kura chache. Atakayekuwa mbunge wetu ni bwana mmoja, sijamwangalia hata picha. Dada wa ofisini kwa Mheshimiwa kampigia simu Ombati mwenyewe. Anasikitika. Atapanga kila kitu vizuri, Januari amkabidhi mwenzake. Mungu amweke.

Nimemwambia Ombati ukweli. Sharti, Nyamira, mtoto, yote. Ujumbe wa sauti, mrefu, nimesimama kwenye baraza kati ya nguo zilizoanikwa. Niliutuma kabla sijaogopa.

Hajajibu.

Ijumaa, 11 Novemba

Hajajibu. Sikwenda maombini. Zuhura kaniwekea chai, hakuuliza kitu.

Jumamosi, 12 Novemba

Kapiga nikiwa nafua sare. Hakufoka. Kasema aliusikiliza ujumbe wangu kwenye maegesho ya kazini. Jana kausikiliza tena. Halafu akauliza:

"Na nikija mimi?"

Uje wapi?

"Huko. Dubai."

Kabla ya uraia aliogopa kutoka Marekani, asije akafungiwa nje. Pasipoti mpya kaipata Agosti, iko kwenye droo ya soksi. Ya soksi! Na hiyo haihitaji kuombewa viza ya kuja hapa, anagongewa muhuri uwanjani tu. Lakini tulishazoea mimi ndiye wa kwenda. Mimi ndiye wa mahojiano, mimi ndiye wa kuitwa. Hakuna kati yetu aliyewahi kuifikiria safari ikielekea huku. Watu wazima wawili, jamani.

Nikamwambia sina chumba, nina kitanda cha juu na pazia, na nyumba ni ya wanawake watupu. Kasema atalala hata kwenye ngazi. Kasema pia, kwa sauti ndogo, kwamba nikirudi Nyamira atanifuata hukohuko.

Likizo yake ni Desemba. Mikono yangu ilikuwa bado na sabuni. Nililia vizuri leo, bila moshi.

Jumanne, 20 Desemba

Al Jaddaf, mchana. Chumba cha binamu yake Namutebi. Kaenda Kampala kula Krismasi, katuachia ufunguo na masharti mengi kuhusu jiko lake.

Namutebi na Zuhura walinisindikiza uwanja wa ndege asubuhi. Nilikuwa nimejiapiza sitalia mbele ya watu. Ombati alitoka na koti la theluji mkononi, kanenepa kidogo, nikamtambua kwa ule mwendo wake wa kuomba ruhusa. Sikukimbia. Nilisahau kutembea tu. Namutebi alimshika mabega akamwombea palepale, abiria wanatuzunguka na masanduku. Zuhura alingoja amina, kisha akamkazia macho. "Karibu, shemeji. Hapa utakaa upande gani wa barabara?"

Ombati akasema upande wa Kem.

Kaniletea ile stika nyekundu waliyompa siku ya kura. Hakuivaa, aliona aibu. Kasafiri nayo kwenye jalada la pasipoti. Nimeibandika hapa. Imepinda.

Nimemwambia nitangoja. Nimesema mwenyewe. Faili liko palepale, Januari litahamia kwa yule bwana, na jina lake nitalijua wakati huo. Yalla, haya, aje. Tangu hapo hatujalitaja.

Kala wali wa nazi wa Zuhura sahani mbili, akajilaza, akasema anapumzisha macho tu. Sasa anakoroma. Nilikuwa nimesahau kwamba anakoroma. Kaacha taa ya bafuni inawaka, nitamgombeza akiamka.